Baraza Lisilo na Mapambo

Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma ambamo mashauri ya jamii huamuliwa hadharani, lina fadhila ambayo mikutano yetu ya vijiji hapa Bariadi, na Simiyu kwa jumla, ingefaa kuirithi: halihitaji turubai, meza kuu wala kipaza sauti, ila uwanja, subira ya kusikiliza, na adabu ya kutomkatiza anayenena. Aibu yake, nayo si haba, ni kwamba kwa desturi lilitawaliwa na wanaume. Sheria ya mwaka 1982 imekwisha kumpa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamke kwa mwanamume, nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji. Basi, waheshimiwa wenyeviti, fupisheni salamu za itifaki, na wakati huo mpeni mama aliyeketi nyuma, mwenye hoja ya kisima.