Mafuta ya Majani: Ngozi Kwanza, Tumbo Baadaye

Mvua zinapoanza Novemba, Kasungami huingia msimu wa homa. Katika mtaa huu wa pembezoni mwa Lubumbashi, komini ya Annexe, mtoto akichemka mwili usiku, wazazi wengi hukimbilia kwanza kilicho karibu: mchaichai ulioota kando ya ua, majani ya mkaratusi, sufuria ya maji, blanketi. Mtoto hufunikwa pamoja na sufuria, mvuke humpanda usoni, jasho humtoka. Asubuhi pengine homa imeshuka, na majani hupata sifa. Lakini homa ya malaria hupanda na kushuka yenyewe. Nafuu ya asubuhi haituambii kama vimelea vimekufa au vimepumzika tu kabla ya kurudi jioni.

Swali linalotuhusu sote ni kama harufu ile ina dawa ndani yake, na kama ina dawa, nani aipime na kwa utaratibu gani. Si swali dogo kwa nchi yetu. Kongo ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria, na Shirika la Afya Duniani huihesabia zaidi ya mgonjwa mmoja katika kila kumi duniani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi hawajalidharau. Mwaka 2017 walichapisha utafiti kuhusu mimea 13 ambayo wakazi wa komini ya Kenya, hapa hapa mjini, huisifu kwa kutibu malaria, wakaipima dhidi ya vimelea vyenyewe. Kazi ya namna hiyo inastahili fedha za umma. Ninachopinga ni haraka ya kuruka kutoka matokeo ya maabara hadi kijiko cha mgonjwa.

Sababu za kutumaini zipo. Wawayapi wa Amazoni huvuta mvuke wa majani ya mti uitwao Virola surinamensis wanaposhikwa na malaria, na wanakemia wa Brazili walipoyachambua mafuta ya majani hayo walikuta nerolidoli, kemikali yenye harufu inayozuia vimelea kukua. Mwaka 2004 watafiti wa São Paulo walieleza namna inavyofanya kazi: nerolidoli na ndugu zake farnesoli na linaloli huvuruga njia ambayo kimelea hutumia kutengeneza viungo vyake vya uhai. Hatua za mwanzo za njia hiyo hazimo katika seli za binadamu. Kwa mtafuta dawa, hapo ndipo pa kulenga, maana unaweza kumpiga kimelea bila kumpiga mgonjwa.

Sasa tuangalie namba, kwa kuwa ndizo zinazotajwa nusunusu redioni na sokoni. Mwaka 2005 watafiti wa Kameruni waliwapa panya walioambukizwa malaria ya panya mafuta ya mchaichai. Kwa dozi ya miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito, vimelea vilipungua kwa asilimia 62.1, kwa miligramu 500, kwa asilimia 86.6. Ukiishia hapo, unatamani kwenda kuchuma. Lakini katika jaribio hilo hilo klorokwini, kwa miligramu 10 tu, iliviondoa vyote. Tena katika jaribio la aina hii, linalochukua siku nne, panya huanza kutibiwa mara tu baada ya kuambukizwa, wakati vimelea bado ni vichache. Mtoto wa Kasungami hafikishwi dispanseri siku ya kuumwa na mbu. Hufika damu ikiwa tayari imejaa. Dawa za jamii ya artemisinini hupunguza vimelea karibu mara elfu kumi katika kila mzunguko wa siku mbili. Asilimia 86.6 ni pungufu ya mara kumi. Vipimo hivi viwili havifanani kabisa, nakubali, ila pengo ni kubwa mno kuzibwa kwa matumaini.

Kuna jambo lingine ambalo watu husahau: mafuta yanayopimwa maabara si chai inayonywewa nyumbani. Kilo nzima ya majani mabichi ya mchaichai hutoa gramu chache tu za mafuta, na ukichemsha sufuria bila kifuniko sehemu yake kubwa hupotea hewani. Anayenywa kikombe cha chai hapati hata sehemu ndogo ya dozi ile ya panya. Hivyo utafiti wa mafuta, hata ukifaulu, hauitetei chai wala mvuke.

Kazi yenyewe ya kuyapima ni ngumu kuliko inavyosikika. Majani huchemshwa ndani ya chupa ya kioo, mvuke hupita kwenye bomba linalopozwa kwa maji, na baada ya saa kadhaa mafuta hukusanyika juu ya maji kama ukanda mwembamba wa njano. Hayachanganyiki na maji, kwa hiyo lazima yapate kiyeyushi kabla ya kuwekwa kwenye sahani ya vishimo yenye damu na vimelea. Huyeyuka hewani, kwa hiyo kishimo cha jirani, ambacho hakikupaswa kupata dawa, nacho huipata kwa mvuke na kuharibu ulinganisho. Na mmea wenyewe haubaki vile vile. Mrihani wa aina ya Ocimum gratissimum unaweza kujaa timoli mahali pamoja na eujenoli mahali pengine, kwa jina lile lile na majani yale yale. Bila mashine ya kuchambua mafuta kila yanapotolewa, hujui umempa panya kitu gani, na mwenzako wa Bukavu hawezi kurudia ulichofanya.

Historia nayo inatuonya, na kwa mji wa migodi inatuonya kwa karibu. Wakati wa kuchimba reli ya chini ya mlima Gotthard huko Uswisi, mnamo 1880, wafanyakazi walidhoofika kwa safura, minyoo wanaonyonya damu tumboni. Matabibu wa Italia wakawapa timoli, ambayo ni kemikali ya mafuta ya majani. Marekani, tume ya Rockefeller iliigawa kwa wingi kati ya 1909 na 1914, nayo ilifanya kazi. Lakini wagonjwa walikatazwa pombe na vyakula vya mafuta, kwa sababu hivyo huivuta dawa hadi kwenye damu na kuigeuza sumu. Baadaye yakaja mafuta ya kenopodiamu, yenye nguvu zaidi dhidi ya minyoo, ila dozi inayoua minyoo ilikaribiana mno na dozi inayoua mtu. Watu walikufa, watoto wakiwemo. Dawa hizo ziliachwa baada ya kupatikana nyingine zisizodai gharama hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia mafuta ya majani hayana madhara kwa kuwa ni ya asili, usimwamini. Hata mafuta ya mkaratusi, mtoto mdogo akiyameza kidogo tu, yanaweza kumtia degedege.

Kongo ina kidonda chake pia. Mwaka 2015, huko Maniema, wagonjwa 800 wa kichocho waliingizwa katika jaribio la chai ya pakanga, ile Artemisia. Makala yake ilichapishwa 2018 ikidai mafanikio makubwa, ikasambaa dunia nzima, kisha jarida lililoichapisha likaifuta. Nasikitika kila nikifikiria waliojitolea. Jaribio likifutwa, hatujui kama chai ilisaidia au la, na mgonjwa aliyetoa damu na mkojo wake hana anachorudishiwa. Hayo ndiyo matokeo ya kufanya haraka.

Ndiyo maana nasema tuanze na ngozi. Upele unasababishwa na utitiri, mdudu asiyeonekana kwa urahisi kwa macho, anayechimba ndani ya ngozi na kumnyima mtoto usingizi. Nao ni ugonjwa wa vimelea, ila hatuupi uzito kwa kuwa hauui haraka. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 2010 kwamba mafuta ya karafuu, kwa nguvu ya eujenoli yake, huua utitiri huo maabara. Pemba wana kiwanda kinachotengeneza mafuta ya makonyo na karafuu, kwa hiyo malighafi inapatikana katika ukanda wetu, na mirihani yetu inaweza kupimwa kama inatoa eujenoli ya kutosha. Njia hii imeshawahi kufika mwisho: benzili benzoeti, dawa ya kupaka dhidi ya upele ambayo wauguzi wengi wanaifahamu, kwa asili imo katika utomvu wa mti uitwao balsamu ya Peru. Jaribio la kupaka likishindwa, mtu huvimba ngozi, akaoga, akapewa dawa ya kawaida. Jaribio la kumeza dhidi ya malaria likishindwa, mtoto anaweza kufa ndani ya siku mbili. Tofauti hiyo peke yake inatosha kupanga foleni.

Na kwa malaria? Mali walipita njia ambayo naiona bora kuliko ya kuanzia kwenye panya. Waliuliza familia zaidi ya 900 walitumia nini mtoto alipougua na nini kilifuata, wakachuja mimea kwa matokeo, wakafika kwa Argemone mexicana. Mwaka 2010 walitoa ripoti ya kuulinganisha mchemsho wake na dawa mseto ya kawaida: asilimia 89 ya waliotumia mchemsho hawakuhitaji dawa nyingine, dhidi ya asilimia 95. Ulishindwa kidogo, wakasema hivyo waziwazi. Na asiseme mtu kwamba Kongo haiwezi. Feksinidazoli, kidonge cha malale, kilipimwa kwa wagonjwa 394 katika vituo vya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, utafiti ukiongozwa na daktari Mkongo, Victor Kande, na mwaka 2018 Shirika la Dawa la Ulaya likakipitisha.

Haja ya dawa mpya ya malaria ni ya kweli, kwa kuwa vimelea vyenye usugu kwa artemisinini vimekwisha kuthibitishwa Rwanda na Uganda, majirani zetu. Chuo kikuu kiendelee kupima, na kichapishe hata mimea iliyoshindwa, ili asije mwingine akapoteza miaka juu ya jani lile lile. Wizara igharamie jaribio la mafuta ya kupaka kwa watoto wenye upele hapa Kasungami, kundi moja likipakwa mafuta na jingine benzili benzoeti, wauguzi wa mtaa wakiwakagua baada ya wiki mbili na baada ya nne, na matokeo yasomwe hadharani kwa Kiswahili mbele ya wazazi. Wakati huo huo, anayependa kufukiza nyumba au kunywa mchaichai anywe. Ila mtoto mwenye homa apelekwe kwanza atobolewe kidole. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20, muda usiotosha hata kuchemsha sufuria na kumaliza kujifukiza.