"Vumilia" si dawa

Jumamosi iliyopita nilikuwa duka la dawa mtaani kwetu nasubiri chenji yangu. Akaja dada mmoja, midomo imemkauka, kipande cha ndimu mkononi. Akainama dirishani akanong'ona: "Kaka, naomba dawa ya kutapika."

Muuzaji hakuuliza kitu. Hakuuliza kama ana mimba, ya miezi mingapi, kama ana homa, kama hata maji yanakaa tumboni. Alikata vidonge kwenye karatasi yake, akavitia kwenye kibahasha, moja kutwa mara tatu, haya anayefuata!

Mtadhani nimekuja hapa kumshambulia muuzaji. Yeye zamu yake inakuja. Kilichonikera zaidi ni ule mnong'ono. Kwa nini mtu mzima anunue dawa kama anaiba?

Jibu tunalijua. Nyumbani kaambiwa avumilie, kwani hata mama yake alitapika. Mawifi wanasema anadeka. Majirani wanacheka kwamba mimba imemkataa mume. Kliniki kapanga foleni toka alfajiri, kaambiwa ni kawaida, kula kidogo kidogo, nenda. Na sisi wenye digrii zetu tunamalizia kwa sauti ya kitaalamu: mjamzito asimeze dawa yoyote. Basi tumemaliza kazi. Kabaki na ndimu, tangawizi, udongo wa kula na dirisha la duka.

Hiyo hofu yetu ina chanzo. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilianza kuuzwa thalidomide, kwa jina la Contergan, bila cheti cha daktari. Ilisifiwa kuwa salama kabisa, na wajawazito waliimeza kwa usingizi na kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni Novemba 1961 madhara yalikuwa yameshatokea: duniani zaidi ya watoto 10,000 walizaliwa na ulemavu, wengi mikono na miguu yao haikukua. Kule Marekani mama mmoja wa mamlaka ya dawa, Frances Kelsey, aligoma kuipitisha hadi aletewe ushahidi. Tumshukuru.

Lakini tumejifunza nusu ya somo. Kelsey alichodai ni ushahidi. Hakusema wanawake wavumilie.

Nusu ya pili ndiyo hii. Marekani kulikuwa na dawa nyingine ya kichefuchefu cha mimba, Bendectin, iliyotumika toka mwaka 1956. Ndani yake mlikuwa na vitamini B6 na doksilamini, dawa ya mzio inayoleta usingizi. Zikaja kesi mahakamani kwamba inalemaza watoto. Mwaka 1983 kampuni ikachoka na gharama za kesi, ikaiondoa. Je, ulemavu ulipungua? Haukupungua. Kilichoongezeka ni wajawazito waliolazwa hospitali kwa kutapika. Utafiti juu ya utafiti haukukuta kosa la dawa ile, na mwaka 2013 mchanganyiko uleule ukarudishwa kwa jina jipya. Miaka 30 wanawake walinyimwa nafuu kwa sababu ya woga! Leo madaktari wa uzazi wa Marekani huanza na vitamini B6, peke yake au pamoja na doksilamini, na huko vyote viwili huuzwa bila cheti.

Na wewe unayesema ni kudeka, sikiliza. Desemba 2023 watafiti, akiwemo Marlena Fejzo, aliyepoteza mimba yake mwenyewe mwaka 1999 kwa ugonjwa huu, walionyesha kwamba homoni iitwayo GDF15, inayotoka kwa mtoto na kondo la nyuma, ndiyo chanzo kikubwa. Mwanamke ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba huumia zaidi. Ni damu hiyo, si tabia.

Mtaniuliza, kwa hiyo unataka wajawazito wabugie vidonge? Hapana jamani. Nasema tunapomnyima jibu lenye ushahidi hatumkingi na dawa. Tunamsukuma akanunue ya kubahatisha, kwa aibu, asiseme hata kama ana mimba. Hiyo ndiyo hatari tuliyodai tunaikimbia.

Zamu ya muuzaji sasa. Ndugu yangu, uliza! Swali moja tu, "Una mimba?", halikupotezei mteja. Akikwambia ana homa na anatapika usimkatie vidonge, mwambie akapime malaria leo hii. Akikwambia hata maji hayakai, mkojo umekuwa mweusi, anapungua uzito, huyo ni wa hospitali na pengine dripu.

Na wewe nesi wa kliniki, usiishie "ni kawaida". Vile vidonge vya kuongeza damu unavyompa huweza kumzidishia kichefuchefu, na wapo wanaoviacha kimya kimya. Muulize, mwelekeze. Mtajie dawa inayomfaa kwa jina, aandikiwe, akainunue kichwa juu.

Mimi si daktari, ni mwandishi tu. Lakini kuuliza swali hakuhitaji udaktari. Mwanamume akiumwa jino usiku mmoja nyumba nzima haitulii mpaka dawa ipatikane. Mwanamke anatapika wiki kumi, tunampa neno moja: vumilia.

Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo. Ila asije na hilo neno.