Feza zimekatwa ku mushahara, banki inasema hatujalipa

Siku hizi ku biro ya sendika tunapokea malalamiko ya namna moja. Mufanyakazi anaenda ku banki kuomba mukopo wa minervali ya watoto ao wa kumaliza nyumba, wanamujibu: jina lako haliko safi. Anashangaa, juu karatasi yake ya mushahara inaonyesha feza zilikatwa kila mwezi.

Tuseme wazi namna inapita. Banki zinajulisha Banque Centrale du Congo mikopo zinayotoa na ile isiyolipwa sawasawa. Habari zinakusanywa mu Centrale des risques, na banki ingine inatazama mule mbele ya kukubali. Ile si mubaya yenyewe: inazuia mutu kubeba madeni matatu kwa mushahara moja, na hao kwetu tunawajua. Ubaya ni kosa likiingia mule.

Kwetu linaingia zaidi ku sutretansi. Patro anakata feza, anachelewa kuzituma, ao kontra inamalizika mbele deni iishe na hakuna mwenye anajulisha banki. Banki inaona tu hakuna kitu kimeingia. Inaandika jina la mufanyakazi, hapana la patro! Kisha kuko majina. Akina Ilunga ni wangapi mu Kolwezi? Tarehe ya kuzaliwa ikikosewa, deni ya mwengine inakuwa yako.

Sheria iko. Code du numérique, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inamupa kila mutu haki ya kujua habari gani zake zinashikwa, na kuomba zirekebishwe zikiwa za uongo. Basi tusiishie kuuliza kwa mudomo ku giche. Tuandike barua kwa banki iliyopeleka ile habari, tuweke kopi za karatasi za mushahara na za kontra ya mukopo. Kopi moja ya barua ipigwe kashe ya kupokelewa, irudi nyumbani. Wamama wenye kuchunga makaratasi mu sanduku, musitupe hata moja. Na siku deni inaisha, tusitoke mule bila atestasio kwamba hakuna kitu kimebaki.

Patro anayekata bila kutuma, ile ni mambo ingine: delege ya sendika aipeleke mbele ya direksio, na wakikataa, ku Inspection du travail. Mukikuja kutuona, leteni karatasi za miezi yote, hapana ya mwezi wa mwisho tu.