Filamu Mbovu Zinazotufurahisha: Tucheke au Tufunge Kibanda?



Msimu wa korosho unapofika, na wakulima wa Newala na Masasi wanapopata malipo yao kupitia vyama vya msingi, fedha huzunguka mitaani. Mojawapo ya mahali ambapo vijana hupenda kuzitumia ni katika vibanda vya video, vile ambavyo wenyewe huviita vibanda umiza. Huko huonyeshwa mpira, na pasipokuwa na mpira huonyeshwa filamu za majambazi na wapelelezi. Wazazi wengi wangefurahi kuona vibanda hivyo vimefungwa. Vijana nao wana jibu moja: “Padre, sisi tunacheka tu.” Juma hili tungependa kulitafakari jibu hilo, kwa maana ni zito kuliko linavyosikika.

Filamu tunazozisema hazihitaji maelezo marefu. Jambazi hushika bastola ambayo kila mtu anaona kuwa ni ya mbao. Marehemu amelala sakafuni, lakini kifua chake kinapanda na kushuka. Upepo humeza maneno ya mpelelezi, na anapokaribia kumkamata mwuaji, hadithi hukatika ili tukanunue Sehemu ya Pili. Watazamaji huyaona yote hayo na wanafurahi. Si kwamba hawana macho ya kuona kasoro, bali kasoro zenyewe ni sehemu ya utamu.

Mfano ulio bora kuliko yote unatoka kwa jirani zetu wa Uganda. Katika mtaa wa Wakaliga, jijini Kampala, Isaac Nabwana, ambaye zamani alikuwa akifyatua matofali, alianzisha kampuni ya filamu nyumbani kwake na kuiita Ramon kwa kuunganisha majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Alipokuwa mtoto hakupata kuingia katika jumba la sinema. Alisimuliwa filamu na kaka zake, akazitazama kwa akili yake. Mwaka 2010 alitoa filamu iitwayo Who Killed Captain Alex?, yaani “Nani Alimuua Kapteni Alex?” Watengenezaji wenyewe husema kwamba iligharimu chini ya dola 200 za Marekani. Bunduki zilitengenezwa kwa vyuma chakavu, na milipuko ilichorwa katika kompyuta ambayo Nabwana aliiunda kwa mkono wake. Kapteni Alex anatumwa kulivunja genge la wahalifu, anauawa ndani ya hema lake, na ndugu yake, bingwa wa kung fu, anakuja kumtafuta mwuaji. Filamu inakwisha, na swali la jina lake halijajibiwa!

Nakala ya awali ya kazi hiyo haipo tena, kwa kuwa ilifutwa ili kompyuta ipate nafasi ya filamu iliyofuata. Kilichobaki ni nakala yenye sauti ya msimuliaji, VJ Emmie, anayetania, anayesifu na kushangilia tangu mwanzo hadi mwisho. Desturi hiyo si ngeni kwetu. Hapa Tanzania marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana na wengi kama Lufufu, alizisimulia kwa Kiswahili filamu za nje na kuzitia chumvi yake. Nchini Kenya DJ Afro amefanya kazi kama hiyo kwa miaka mingi. Kwa msimuliaji wa namna hii, filamu dhaifu huwa mali ya wote walio chumbani, na kicheko chao huwa kimoja.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la maskini peke yao. Mwaka 1987, huko Florida, Marekani, mwalimu wa taekwondo aitwaye Y.K. Kim alitoa filamu ya wauza dawa za kulevya na maninja, Miami Connection. Ilianguka vibaya. Miaka zaidi ya ishirini baadaye mpenzi mmoja wa filamu aliinunua nakala yake kwa dola 50, akaionyesha, na watu wakaipenda hata ikarudishwa katika majumba ya sinema mwaka 2012. Mwandishi Susan Sontag alikuwa amekwisha kulieleza jambo hili katika insha yake ya mwaka 1964: ubovu unaopendeza kweli ni ule wa mtu aliyekusudia kwa moyo wote kufanya jambo kubwa, akashindwa. Mtu mvivu hatufurahishi. Anayetufurahisha ni yule aliyejitoa mzima.

Aidha, sisi watu wa Uwanda wa Makonde tusingepaswa kushangaa. Babu zetu walituachia mapiko. Lipiko huchongwa kwa mti mwepesi, huvaliwa kichwani kama kofia, na mchezaji huona njia kupitia mdomo wa sura ile. Zamani akina mama na watoto waliambiwa kwamba ni mzimu. Siku hizi mtoto anajua kwamba ndani yumo mjomba wake, na bado hukimbia akipiga kelele, kisha hurudi akicheka ili akimbizwe tena. Wachongaji walitengeneza hata sura za wakoloni na wageni wengine, wakawachezesha mbele ya kijiji. Kuogopa kitu tunachojua kuwa si kweli, na kucheka kwa sababu tunajua, ni elimu ya kale katika nchi hii. Bastola ya mbao katika kibanda umiza ni mjukuu wa lipiko.

Hata hivyo, si kila kicheko ni chema. Kipo kicheko cha dharau, cha mtu anayemtazama mwenzake akihangaika na kusema moyoni, “Tazama walivyo duni.” Kipo pia kicheko cha ushirika, cha mtu anayeona uhodari ndani ya uhaba. Tofauti yake hujulikana kwa matunda. Mwaka 2015 Nabwana na wenzake waliomba kwa njia ya intaneti mchango wa dola 160 kwa ajili ya filamu mpya. Watu waliokuwa wamecheka katika nchi za mbali walitoa zaidi ya dola 13,000. Kicheko kilichonyoosha mkono hakiwezi kuitwa dharau. Nasi tujiulize: kijana wa Masasi anayerekodi filamu kwa simu yake, je, tunamcheka na kumnunulia kazi yake, au tunamcheka na kuirudufu bila kumlipa?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye wengi humdhania kuwa mtu wa vitabu vizito tu, aliandika kwamba mchezo na burudani ni mapumziko ya roho kama usingizi ulivyo mapumziko ya mwili. Anasimulia habari ya kale ya Mtume Yohane, aliyewaambia waliomshangaa akiburudika kwamba upinde usiolegezwa kamwe huvunjika. Anaongeza kwamba mtu asiyefurahi wala kuwaacha wenzake wafurahi naye ana kasoro. Lakini anaweka tahadhari tatu: burudani isiwe na matendo au maneno machafu au yenye kudhuru; isituondolee kabisa utulivu wa akili; na ilingane na mtu, mahali na wakati.

Tukizipima filamu zetu kwa tahadhari ya kwanza, tutaona kwamba bastola ya mbao siyo inayotutia hofu. Tunaogopa zaidi zile filamu ambamo bibi kizee mwenye macho mekundu ndiye mchawi daima, na kijana anayempiga ndiye shujaa. Katika nchi hii wapo wazee, hasa wanawake, waliouawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Kamera ikitikisika na sauti ikikatika, uongo huo haupungui sumu yake, kwa kuwa ubovu wa picha hauponyi ubovu wa neno. Vivyo hivyo filamu ambayo kichekesho chake ni mke kupigwa makofi. Hapo hatucheki uigizaji. Tunamcheka jirani yetu halisi.

Tahadhari ya pili inamgusa yule anayekesha. Anayeuza gunia la korosho na kulimalizia kibandani, akaamka asijue aliangalia nini wala fedha zimekwenda wapi, hajapumzika. Amejichosha kwa njia nyingine.

Tahadhari ya tatu inawahusu wazazi na wenye vibanda kwa pamoja. Mtu mzima anajua kwamba damu ile ni rangi, lakini mtoto wa miaka sita hajui bado. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka utaratibu wa kukagua filamu, na Bodi ya Filamu hupanga madaraja ya umri. Utaratibu huo haufiki usiku kwenye kibanda cha mabati kama sisi wenyewe hatuufikishi. Mtoto aliye kibandani saa nne za usiku ametoka katika nyumba fulani, na nyumba hiyo ina wakubwa.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: kibanda kisifungwe, bali tuingie. Mzazi akae na kijana wake, acheke naye, kisha njiani amwulize, “Yule aliyepigwa risasi alikuwa na mama?” Swali hilo moja lina nguvu kuliko kufuli. Tena tukumbuke kwamba filamu mbovu ina unyofu ambao filamu nzuri hazina. Filamu ya mamilioni ya dola huificha kamba inayomvuta mwanasesere, na kuua kunaonekana kwepesi, safi na kwa kupendeza. Filamu ya bastola ya mbao huiacha kamba ionekane. Inatuambia kila dakika kwamba haya ni maigizo, na kwamba hakuna aliyekufa.

Nje ya kibanda mambo ni tofauti. Kijana anapotuhumiwa kuiba kuku au simu, akazingirwa na kupigwa hadi kufa, magazeti huandika kwamba ameuawa na “wananchi wenye hasira kali”. Nani alimuua? Hapatikani wa kujibu. Filamu ya Wakaliga ilipoliacha swali hilo bila jibu, ulimwengu ulicheka, na ulikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu mwigizaji aliinuka, akajipangusa vumbi na kwenda zake nyumbani. Yule wa mtaani haamki.

Tucheke, basi, wapendwa, pale ambapo marehemu anapumua. Pale asipopumua, tusikae kimya, wala tusikubali kuwa sehemu ya umati usio na jina.

Tunawatakia juma lenye amani. Tumsifu Yesu Kristo!