Uji wa Shule Upimwe kwa Gramu

Katika vikao vya tathmini ya lishe wilayani na mikoani kwetu Tanzania, shule huulizwa kwanza ni wanafunzi wangapi wanaopata angalau mlo mmoja wawapo shuleni. Mwalimu mkuu hujibu kwa asilimia, asilimia ikaingia kwenye jedwali, na jedwali likapanda ngazi hadi taifani. Shule inayopika uji mwepesi wa sembe na inayopika uji wa dona wenye karanga huhesabiwa sawa: zote mbili “zinatoa chakula”.

Swali hilo lilikuwa na kazi yake. Liliwasukuma wakuu wa shule, watendaji wa vijiji na wazazi kukubali kwamba mtoto hasomi kwa tumbo tupu, na shule nyingi zilizokuwa hazina hata sufuria leo zina jiko. Lakini sasa linatuficha jambo kubwa zaidi, nalo ni kile kilichomo ndani ya kikombe. Hoja yangu ni kwamba uji wa shule uwekewe kiwango cha chini kinachotajwa kwa gramu kwa kila mtoto, na kwamba shule ipimwe kwa kiwango hicho badala ya kupimwa kwa moshi unaoonekana jikoni.

Tuanze na kikombe chenyewe. Uji unaonyweka kwa urahisi, ule ambao watoto 500 wanaweza kugawiwa kwa upawa na kuumaliza kabla kengele haijalia, kwa kawaida una unga sehemu moja kwa maji sehemu tisa. Kikombe cha robo lita kina unga wa gramu 25 hivi, ambao ni kalori 90. Tia sukari gramu 10, ongeza kalori 40. Jumla ni 130, pamoja na protini gramu mbili na ushei. Mtoto wa miaka minane anahitaji karibu kalori 1,700 kwa siku. Kwa hiyo kikombe kile kimempa asilimia nane tu, naye pengine ametoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu kinywani, na chakula kitakachofuata atakikuta akirudi saa nane au saa tisa mchana.

Nchi zilizokaa na suala hili kwa muda mrefu zilikwisha kuandika viwango vyao kwa namba. Marekani ilianza mpango wake wa kifungua kinywa shuleni kwa majaribio mwaka 1966 na kuufanya wa kudumu mwaka 1975. Kanuni zake zinataka mtoto wa shule ya msingi apate wastani wa kalori 350 hadi 500 kila asubuhi, pamoja na nafaka, kikombe cha matunda na kikombe cha maziwa. Brazil inataka mlo mmoja wa shuleni ufikie angalau asilimia 20 ya mahitaji ya mtoto kwa siku. Sheria yake ya mwaka 2009 iliagiza ratiba ya vyakula ipangwe na mtaalamu wa lishe, na angalau asilimia 30 ya fedha za chakula zinazotoka serikali kuu zinunue mazao ya wakulima wadogo. Kenya, ilipoanza mwaka 2009 kuuchukua mpango wa chakula cha mchana kutoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kazi iliyokamilika 2018, iliurithi ukiwa umeandikwa hivi: kwa kila mtoto, nafaka gramu 150, mikunde gramu 40, mafuta gramu tano. Mpishi wa Turkana na mwenzake wa Kilifi wanajua wanachotakiwa kutoa stoo.

Sisi hatukosi karatasi. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu iliandaa mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi. Kinachokosekana ni ufuatiliaji wa kilichomo kwenye sufuria. Mkaguzi akifika shuleni hukagua daftari la mahudhurio na andalio la somo, lakini ni nadra aombe kuona mizani ya jikoni. Shule nyingi hazina hata hiyo mizani.

Tukichukua asilimia 20 ya kalori 1,700 tunapata 340. Tunaweza kuzifikia kwa vyakula tunavyolima wenyewe: unga wa dona gramu 50 unatoa kalori 180, karanga zilizosagwa gramu 20 zinatoa 115, na sukari gramu 10 inatoa 40. Jumla ni 335, na protini imepanda hadi gramu tisa au zaidi. Zidisha kwa siku 194 za masomo. Mtoto mmoja kwa mwaka mzima anahitaji unga usiofika kilo 10, karanga zisizofika kilo nne na sukari isiyofika kilo mbili. Unga wenyewe ni kama nusu debe ya mahindi. Nimeirudia hesabu hii kwa sababu watu wengi wanapoambiwa “viwango vya lishe” hufikiria vyakula vya hoteli. Ni nusu debe ya mahindi na karanga za kujaza mfuko mmoja.

Hapa wapishi watainua mikono, nao wana haki. Gramu 50 za unga katika robo lita zinatoa kitu kilicho kati ya uji na ugali, ambacho mtoto hawezi kukinywa. Ukiongeza maji hadi nusu lita, mtoto wa darasa la kwanza atashindwa kumaliza. Ugumu huu ulishapatiwa dawa. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilikuwa ikishughulikia uji wa watoto wachanga kwa kutumia kimea. Ulezi unalowekwa, unaoteshwa siku mbili tatu, unaanikwa, kisha unasagwa. Unga huo kidogo ukitiwa katika uji mzito uliopoa kiasi, vimeng’enya vyake hukata wanga na uji hulegea bila kuongezwa hata tone la maji. Halafu unarudishwa motoni uchemke tena ili kuua vijidudu. Watu wa Ruvuma na Iringa hawahitaji semina juu ya hili, kwa kuwa ndiyo kazi ya kimea katika togwa. Ulezi unafaa kuliko mtama, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi na lazima yaondolewe yote kabla ya kusaga. Kuotesha nafaka kuna faida nyingine: kunapunguza faiteti, kemikali iliyomo kwenye nafaka inayoyakamata madini ya chuma na zinki yasifyonzwe mwilini.

Kiwango cha gramu hakitoshi bila kiwango cha usalama, na ninaposema karanga lazima nitaje sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, waliokuwa wamekula mahindi yaliyoota ukungu. Mwaka 2016 ikaua watu wa Dodoma na Manyara. Mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi na ukungu huo, na mimi nimependekeza yachanganywe katika kikombe kimoja cha mtoto. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu sumukuvu isiyozidi sehemu 10 katika kila bilioni. Mwalimu wa chakula hawezi kupima hilo kwa jicho, ila anaweza kukataa gunia lenye unyevu, kuchambua punje zilizovunjika na zenye rangi, kuweka magunia juu ya chaga na kutumia mifuko isiyopitisha hewa. Michango ya wazazi inayoletwa sado kwa sado kutoka nyumba 300 ina hatari kubwa kuliko shehena moja iliyokaguliwa, kwa kuwa sado moja mbovu ikimwagwa humo inachafua stoo nzima. Kwa sababu hii peke yake ningependa halmashauri zipime sampuli za stoo za shule angalau kila baada ya mavuno.

Penye wasiwasi wa karanga, soya inafaa, mradi ikaangwe au ichemshwe kabla ya kusagwa. Soya mbichi ina kitu kinachozuia mwili kusaga protini, na unga wa lishe uliosagwa kwa haraka bila hatua hiyo unawanyima watoto kile ulichonunuliwa kuwapa.

Suala la madini ya chuma haliishii kwenye uzito wa unga. Tangu kanuni za mwaka 2011, viwanda vikubwa vya unga vinatakiwa kuongeza virutubishi, yakiwemo madini ya chuma na asidi ya foliki. Lakini shule ya kijijini haili unga wa kiwandani. Inapeleka mahindi ya wazazi kwenye mashine ya kijiji, na unga unaotoka pale hauna nyongeza yoyote. Vifaa vya kurutubisha vinavyofungwa kwenye mashine ndogo vimekwisha kuingia nchini, na mashine inayohudumia shule ndiyo ingestahili kufungiwa kwanza. Wakati tunangoja, kuna mambo ya bure. Dona ibaki dona, kwa kuwa kukoboa kunaondoa kiini na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Limau litiwe uji ukishaepuliwa, kwani vitamini C husaidia kufyonza madini ya chuma na moto huiharibu. Na pale ambapo shule inatoa chai ya rangi na andazi kwa sababu ni rahisi kugawa, iache. Tanini ya chai inazuia madini ya chuma, na andazi la unga mweupe na mafuta linashibisha bila kujenga.

Sipendekezi ratiba moja kutoka Dodoma kwa nchi nzima. Kiwango kiwe kimoja, sufuria ziwe nyingi. Singida wana uwele, mtama na karanga, kwa hiyo uji wao hauna haja ya kungoja mahindi. Kanda ya Ziwa wana dagaa, ambao wakisagwa laini gramu chache zinaingiza protini na madini ya chokaa, na wana viazi lishe vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Kagera ndizi na maharage asubuhi ni chakula halali kabisa, wala hakuna sababu ya kumlazimisha Mhaya anywe uji. Pwani wana mihogo, nayo ina protini kidogo mno, kwa hiyo ratiba ya Mkuranga au Kilwa ikae macho zaidi: muhogo uende na kunde, samaki au karanga, usitolewe peke yake. Afisa lishe wa halmashauri ndiye anayepaswa kukaa na kamati ya shule na kubadilisha gramu za kitaifa kuwa vyakula vya pale.

Pingamizi kubwa ni la fedha, na ninalichukulia kwa uzito wake. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, waraka wa serikali wa mwaka huo ulifafanua kwamba chakula cha wanafunzi wa kutwa ni jukumu la wazazi. Ukiongeza kiwango, umeongeza mchango. Ukiongeza mchango, kuna mama atakayeshindwa, na mtoto wake atasimama pembeni wenzake wakipanga foleni. Wengine wanasema ni heri uji mwepesi kwa wote kuliko uji mzito kwa walioweza kulipa. Nakubaliana nao kuhusu mtoto wa foleni, sikubaliani kuhusu hitimisho. Marekani na Brazil hazikuandika viwango na kuwaachia wazazi bili. Serikali kuu zinachangia gharama ya kile zinachokidai. Kiwango kisichoambatana na fedha ni kumtwisha mwalimu mkuu lawama.

Njia ya kati ipo. Mzazi abaki na nafaka, ambayo wengi wanailima. Kitu ambacho kaya haina, yaani karanga au soya, virutubishi vya mashine, mizani na upimaji wa sumukuvu, kilipiwe na serikali. Halmashauri zimekuwa zikitakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato yao ya ndani kwa ajili ya lishe. Mtoto huyo akitimiza miaka mitano anatoka katika bajeti hiyo, ilhali njaa yake haijatoka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka 34 katika ule wa 2015-16. Baadhi ya watoto hao sasa wako kwenye madawati ya shule ya msingi. Fungu la namna ileile lifuate hadi shule ya msingi, na liwe na sharti moja lisilojadiliwa: hakuna mtoto anayenyimwa kikombe kwa sababu mzazi hajachanga. Deni la mzazi lishughulikiwe na serikali ya kijiji, mbali na foleni ya uji.

Haya yatahitaji bajeti na muda, lakini kuna jambo ambalo msomaji mwenye mtoto shuleni anaweza kulifanya kabla ya bajeti yoyote. Katika kikao kijacho cha wazazi, uliza jana zilipikwa kilo ngapi za unga na wamekunywa watoto wangapi. Gawanya. Ukipata gramu 25 kwa mtoto, waambie wenzako pale pale kwamba huo ni nusu ya unga unaohitajika, na ombeni jibu hilo liandikwe kwenye muhtasari utakaopelekwa kwa afisa lishe wa halmashauri yenu.