Nani Ailipie Misitu ya Tao la Mashariki?

Tanzania hujivunia ukubwa wa hifadhi zake, na ina haki ya kufanya hivyo. Serengeti peke yake ina kilomita za mraba 14,763, na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, inapita 30,000. Lakini ukubwa wa eneo hupima jambo moja tu: nafasi wanayohitaji wanyama wakubwa wanaotembea mbali. Hausemi ni viumbe gani wangefutika duniani kote endapo eneo hilo lingeharibiwa. Simba, tembo na nyumbu wana ndugu zao Kenya, Zambia na Botswana. Tukipima kwa kile kisichopatikana kwingine kokote, hazina kuu ya nchi hii imo katika vipande vya msitu vilivyobaki kwenye Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru hadi Udzungwa. Sehemu kubwa ya msitu wake wa asili imekwisha kufyekwa. Kilichobaki kimekuwa kikitegemea misaada ya wafadhili na makombo ya utalii, na hapo ndipo sera yetu ilipokosea mlipaji. Misitu hii igharimiwe na wanaokunywa maji yake na kuwasha taa kwa nguvu ya mito yake.

Upekee wa misitu hii una sababu. Milima yenyewe ni ya kale sana, na upepo wa Bahari ya Hindi umeinyeshea mvua hata katika zama ambazo sehemu kubwa ya bara ilikauka na misitu mingine ikageuka mbuga. Viumbe waliokwama juu ya kila mlima wakabadilika kivyao kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana mwaka 1991 watafiti walikuta Udzungwa kwale ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia, na mwaka 2005 kipunji akatangazwa kwa wanasayansi: nyani mzima, si mdudu, ambaye wenyeji wa Rungwe walikuwa wakimjua siku zote. Ua la Saintpaulia, ambalo vyungu vyake vimejaa madirishani Ulaya na Marekani, lilichukuliwa Usambara mwaka 1892, na biashara yake ikastawi ughaibuni, si Tanga. Kimboza, kimsitu cha tambarare chini ya Uluguru chenye eneo la takriban kilomita nne za mraba, ndiko anakoishi mjusi mdogo wa rangi ya buluu ambaye wafugaji wa Ulaya walimtaka kiasi kwamba wakamataji walikata mikadi ili kumfikia. Mwaka 2016 biashara ya kimataifa ya mjusi huyo ilipigwa marufuku. Ulinzi ulikuja, lakini ulikuja baada ya soko.

Kisa cha Kihansi kinaonyesha gharama ya kuchelewa vizuri kuliko kingine chochote. Mwaka 1996, ujenzi wa mtambo wa umeme wa megawati 180 kwenye ukingo wa Udzungwa ukiwa umekwisha kuanza, chura asiyefikia sentimita tatu aligunduliwa kwenye korongo chini ya maporomoko. Huzaa watoto badala ya kutaga mayai, na makazi yake yote hayakuzidi hekta chache zilizoloweshwa na manyunyu ya maji yanayoanguka. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, korongo likapoteza takriban asilimia 90 ya mtiririko wake, na manyunyu yakakatika. Ikabidi yafungwe mabomba ya kunyunyiza ukungu bandia, na mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakasafirishwa kwenda kutunzwa katika bustani za wanyama za Marekani. Mwaka 2003 waliobaki korongoni wakaporomoka, huku ugonjwa wa kuvu unaoua vyura duniani ukigunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 uzao wa wale waliohamishwa ukaanza kurudishwa. Sidai kwamba mtambo haukupaswa kujengwa. Nchi ilihitaji umeme na bado inauhitaji. Ila hesabu ya kila megawati iliyotoka Kihansi ilipaswa tangu siku ya kwanza kubeba gharama ya korongo. Haikubeba, na fedha za kunusuru zikatafutwa baadaye kwa wafadhili.

Wapo watakaosema kwamba mbuga ndizo zinazoleta fedha za kigeni, na kwamba misitu midogo itaendelea kulishwa na Serengeti na Kilimanjaro kama ilivyo kwa hifadhi nyingi zisizo na wageni wengi. Ni kweli kwamba chura wa Kihansi hatajaza hoteli, na utelezi wa Uluguru hauvutii watalii kama tambarare za Seronera. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba msitu hauna mteja mwingine. Dar es Salaam inategemea Mto Ruvu, ambao Uluguru ni chanzo chake kikuu. Tanga hunywa maji ya Mto Zigi kutoka Usambara Mashariki. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka bonde la Kilombero, linaloshushiwa mito na Udzungwa na Mahenge, na maji hayo ndiyo yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa megawati 2,115. Wataalamu wa maji hukumbusha kwamba miti nayo hunywa, na kwamba msitu hauongezi mvua kila mahali. Wana haki. Hata hivyo, msitu wa mlimani hunasa ukungu, huyaachia maji taratibu wakati wa kiangazi na huzuia udongo usishuke mtoni, na mwenye bwawa anajua tope linavyofupisha maisha ya bwawa lake.

Njia ya kukusanya malipo haihitaji kubuniwa upya. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazipa bodi za mabonde nafasi ya kutoza ada kwa watumiaji wa maji, na Uluguru kulishafanyika jaribio la kuwalipa wakulima wa mteremkoni wanaotengeneza matuta na kupanda miti. Kilichokosekana ni agizo kwamba sehemu ya ada lazima irudi mlimani ilikotoka badala ya kumezwa na matumizi ya ofisi. Anayehofia ankara ya mnyonge wa Mbagala anauliza swali la haki, ndiyo maana mzigo uanzie kwa mtumiaji mkubwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka vijijini. Wakulima wa Derema, Usambara Mashariki, walikuwa wakilima iliki chini ya kivuli cha msitu. Njia ya kuunganisha msitu wa Amani na misitu ya kaskazini ilipohifadhiwa, waliondolewa kwa fidia, na malalamiko juu ya kiwango chake yalidumu. Iliki ililipa kila mwaka. Fidia ililipa mara moja. Kwa mkulima huyo mlinzi wa msitu ni mtu aliyemkatia kipato, hata kama ramani imependeza. Sheria ya Misitu ya 2002 inaviruhusu vijiji kumiliki na kusimamia misitu yao, lakini mamlaka bila kipato cha kila msimu humwachia mwanakijiji doria na faini tu. Malipo ya maji yangekuwa mbadala wa iliki, mradi yafike kila mwaka na kijiji kiwe na haki ya kuyadai kwa mkataba. Mahali pa kuanzia ni kwenye mitambo ya umeme ya Kihansi na Rufiji, kwa sababu huko maji yanapimwa tayari na mlipaji ni mmoja. Mamlaka za maji za mijini zitafuata zikishapunguza kinachovuja njiani.