Joto la Tarakilishi Lipunguzwe Penye Chanzo

Miongoni mwa vijana wanaomiliki tarakilishi za michezo, imezoeleka kwamba chombo kikipata moto, dawa yake ni feni ya ziada. Mazoea haya yana kasoro ya kimsingi. Feni haiui joto, hulihamisha tu. Takriban umeme wote unaoingia katika tarakilishi hugeuka kuwa joto, nalo humwagika chumbani. Tarakilishi inayotumia wati 500 ni sawa na hita ya wati 500, na katika chumba kidogo cha Mombasa mwezi wa Februari hakuna anayehitaji hita.

Watengenezaji nao wamelikuza tatizo. Kadi ya michoro ya GeForce GTX 1080, iliyotoka mwaka wa 2016, ilikadiriwa kutumia wati 180. RTX 5090 ya mwaka wa 2025 imekadiriwa wati 575. Ni kweli kwamba kadi mpya hufanya kazi kubwa zaidi. Hata hivyo, aghalabu kadi hutoka kiwandani ikiwa na volteji ya juu kuliko inavyohitaji, ili hata ile iliyo dhaifu isikwame. Gharama ya tahadhari hiyo humwangukia mnunuzi.

Zipo njia mbili za kulipunguza joto hili, na zote ni za bure. Kwanza, idadi ya picha kwa sekunde iwekewe kikomo. Skrini ya kuonyesha picha 60 kwa sekunde haiwezi kuonyesha 140; kuzalisha 80 za ziada ni kutwanga maji kinuni. Wapo watakaodai kwamba picha nyingi huharakisha mwitiko wa mchezo. Dai hilo lina ukweli kwa wanaoshiriki mashindano, lakini wengi hucheza kwa kujiburudisha tu.

Pili, volteji ipunguzwe. Nguvu inayotumika transista zinapojiwasha na kujizima hufuata mraba wa volteji. Volteji ikishushwa kwa asilimia 10 huku kasi ikibaki ilivyo, nguvu hiyo hupungua kwa asilimia 19. Kazi hii ifanywe hatua kwa hatua na kila hatua ijaribiwe, kwani volteji ikishuka mno tarakilishi hukwama. Dawa yake ni kurudi hatua moja nyuma.

Anayeshuka kutoka wati 500 hadi 350, akicheza saa nne kila siku, huokoa yuniti 18 za umeme kwa siku 30. Kwa mwanafunzi anayelipia umeme wake mwenyewe, hizo si haba.

Fauka ya hayo, hoja hizi zinaelezeka kwa Kiswahili pasi na shida. Wanafunzi wa istilahi na tafsiri wasiishie kubishana kama chombo kiitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Wakishakipa jina, na wamweleze mwenye nacho namna ya kukitumia bila kuunguza fedha zake.